Binti wa miaka 16 anataka kadi ya mkopo hapa Marekani: nimpe au asubiri?

MamaZuu
Wakuu, salaam. Tuko Ohio. Binti yangu ana miaka 16, anafanya kazi dukani wikiendi, mshahara unaingia kwenye akaunti tuliyofungua naye kwa pamoja, na anayo kadi ya kawaida ya benki. Sasa anataka kadi ya mkopo, anasema wenzake shuleni wanazo na wanajenga alama za mikopo, ile namba inayoonyesha mtu analipa madeni vizuri kiasi gani. Baba yake hataki hata kusikia neno deni. Kwa umri huu benki itampa kweli? Na ina faida gani?

Karani_Mstaafu
Dada, kadi kwa jina lake peke yake hapati mpaka atimize 18. Hata hapo, sheria ya kadi za mkopo ya 2009 inamtaka aliye chini ya miaka 21 aonyeshe kipato chake mwenyewe au alete mdhamini. Mshahara wake wa dukani unahesabika, wa baba hauhesabiki. (Sheria hiyohiyo ndiyo iliyokomesha mchezo wa kugawa fulana na piza vyuoni ili vijana wajaze fomu.)

Hao wenzake wana kadi za nyongeza: kadi ina jina la mtoto, lakini akaunti ni ya mzazi na deni lote ni la mzazi. Baadhi ya benki zinaanzia miaka 13, nyingine 15, nyingine hazina kikomo cha chini. Faida yake ni kwamba historia ya akaunti yako inaingia kwenye faili la mtoto, yaani rekodi yake ya mikopo. Kabla hujamwongeza, piga simu uulize kama benki hiyo inapeleka taarifa za mtumiaji wa nyongeza aliye chini ya 18 kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza mafaili hayo. Zipo zisizopeleka mpaka afikishe 18, na hapo kadi inabaki ya kununulia chipsi tu. Uliza pia kama unaweza kumwekea kikomo chake cha matumizi. Si benki zote zinazoruhusu.

Wengi hukosea kwenye tarehe. Katika alama za FICO, ambazo ni alama za mikopo zinazotumiwa na benki nyingi, kulipa kwa wakati kunabeba 35%, na kiasi cha deni 30%. Kwa kawaida kinachopelekwa ni salio la siku bili inapofungwa, si la siku unapolipa. Tuseme kikomo ni dola 2,000, bili inafungwa tarehe 12 na mwisho wa kulipa ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ukifika tarehe 12 na salio la 1,500, faili linasoma kwamba umetumia 75% ya kikomo, lako na la mtoto, hata kama tarehe 7 utalipa yote. Punguza salio tarehe 9 au 10, libaki chini ya 200, ndipo bili ifungwe.

Bin_Seif
Mimi namuunga mkono baba yake, ila kwa sababu ya hesabu. Chukua deni la dola 1,000 kwa riba ya 24% kwa mwaka. Mwezi mmoja ni takriban dola 20 za riba. Benki nyingi zinakokotoa malipo ya chini kabisa ya mwezi kwa kuchukua riba ya mwezi na kuongeza 1% ya deni, yaani dola 30. Mtoto analipa 30, anajiona kamaliza wajibu wake, kumbe deni limeshuka hadi 990 tu. Kuchukua pesa taslimu kwa kadi hiyo ni balaa zaidi: kuna ada, na riba inaanza siku ileile.

Kijana wa 16 anatoshwa na kadi ya kawaida ya benki. Hakikisha tu hamjakubali huduma ya kuruhusu manunuzi pesa zikiisha. Tangu 2010 benki haiwezi kumtoza ada ya huduma hiyo kwa manunuzi ya kadi au kwenye ATM bila ridhaa. Kama mlitia tiki siku ya kufungua akaunti, ifuteni.

Karani_Mstaafu
Bin_Seif, hesabu yako haina kasoro, lakini hiyo ni hatari ya anayebeba deni mwezi hadi mwezi. Anayelipa salio lote kabla ya tarehe ya mwisho hatozwi riba ya manunuzi. Na kadi ya kawaida nayo ina shimo lake. Ikiibwa na mkatoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi, hasara yenu haizidi dola 50. Mkichelewa, inapanda hadi 500, na zikipita siku 60 tangu taarifa ya akaunti itumwe, inaweza kuzidi hapo. Kwa kadi ya mkopo hasara haizidi 50. Ila akimpa rafiki kadi kwa hiari yake, kadi yoyote ile, huo si wizi, mtalipa. Na asiihifadhi kwenye michezo ya kompyuta, huko ndiko pesa huvuja.

MamaZuu
Asanteni sana. Niseme jambo moja: kadi yangu mwenyewe ina miezi mitano tu, kikomo dola 500, na kuna mwezi nilibakiza deni. Bado nimwongeze?

Karani_Mstaafu
Hapana, dada. Akaunti changa yenye kikomo kidogo haimpi kitu, na ukichelewa kulipa siku 30, doa hilo linaingia kwenye faili lake pia. Angalau yeye anaweza kuondolewa na kuomba lifutwe kwake. Kwako litakaa miaka 7. Mwache na kadi yake ya benki. Akifika 18 aombe kadi ya dhamana: anaweka amana ya dola 200 na hiyo inakuwa kikomo chake. Alipie kitu kimoja tu, kama bili ya simu, na aweke malipo ya salio lote yajilipe yenyewe. Alama za FICO zinahitaji akaunti yenye miezi 6 ndipo zitokee.

Bin_Seif
Na sasa hivi afunge faili lake la mikopo kwenye kampuni zote tatu, ili mwizi asiweze kufungua mkopo kwa jina lake; ni bure tangu Septemba 2018. Kwa kuwa ana 16 anaomba mwenyewe. Kama ana wadogo chini ya 16, unawaombea wewe kwa posta, ukiambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chako. Akija kuomba kadi akumbuke kulifungua kwanza. Mtandaoni au kwa simu wanalazimika kulifungua ndani ya saa moja, lakini akisahau, ombi linaweza kukataliwa palepale.