Tupeane uzoefu: kilo zilizobaki baada ya mtoto wa kwanza, kisu kwa wa pili

Kina mama wenzangu, wa kwanza nilimzaa kawaida. Nilianza kliniki na kilo 61. Nikaenda Moshi kwa mama kulelewa: mtori asubuhi, mlaso, supu jioni, na kila aliyekuja kumwona mtoto ananisifia nimependeza. Zile kilo hazikutoka tena. Mimba ya pili nimeanza na 74. Sukari ikapanda, mtoto akafika kilo 4.3, uchungu ukasimama njia ikiwa sentimita 6. Nikapasuliwa. Nesi alizilaza kadi zangu mbili kitandani, kidole kwenye uzito: "Umeona hapa, mama?" Sikuwa nimeona. Wewe yalikukutaje?

Dada wa Mombasa: Pole sana dadangu. Mie niliongeza kilo 12 kati ya mimba mbili na wa pili alitoka kawaida, kilo 3.4. Aliyenenepa asiingie leba akiwa ameshakata tamaa.

Mkunga: Kweli, si kila aliyeongeza atapasuliwa, ila uwezekano unapanda. Sweden walifuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kutoka mimba ya kwanza hadi ya pili, matokeo yakatoka 2006. Walioongeza kati ya mimba hizo vizio 3 au zaidi vya BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu (vizio 3 kwa mwenye urefu wa sentimita 163 ni kama kilo 8), walipata zaidi kisukari cha mimba, presha, watoto wakubwa na upasuaji. Hata ambao hawakuwa wanene! Sukari ya mama ikizidi inapita kwenye kondo, mtoto ananenepa mabega na tumbo. Ila naomba sana, msijinyime chakula mkiwa na mimba. Kupunguza kilo ni kazi ya kabla ya mimba, ndiyo maana tunasema pumzika angalau miaka 2.

Mama wa watatu: Wa kwanza nilipasuliwa, alitanguliza matako. Nikaacha soda na chapati za asubuhi, nikawa natembea hadi sokoni na kurudi. Kilo 9 kwa miezi 14. Wa pili daktari alikubali nijaribu, nikazaa kawaida.

Mwenye uzi: Asanteni. Wangu sasa ana miezi 5, na mama kapiga simu, ndizi za mtori zimeshakatwa. Nimwambieje bila kumuumiza?

Mama wa watatu: Mtori kula, unanyonyesha. Mwombe tu asiweke siagi, nyama iwe isiyo na mafuta. Mama yangu alinuna wiki nzima, kisha akaanza kuupika hivyo hata kwa baba.