Mtoto ameletewa kadi za Pokémon, nianzie wapi bila kumaliza pesa?

Mama wa Donholm: Habari zenu wadau. Mjomba wa mwanangu alirudi kutoka Uingereza na pakiti mbili za kadi za Pokémon. Kijana yuko Gredi ya 5, na tangu siku hiyo nyumbani hakuna hadithi nyingine. Anazipanga sakafuni, anazipangua, analala nazo chini ya mto. Sasa anataka tucheze, na karata ninayoijua mimi ni ile ya kusema "niko kadi". Nimetenga shilingi 5,000. Kuna kijana anauza pakiti mjini karibu na steji, bei ya kutupa, na kadi zote zinang'aa. Nichukue kwake? Au hizi za mjomba zinatosha kuanzia?

Kadi Sitini: Karibu dada. Hazitoshi, na hata ukiongeza pakiti kumi huenda bado zisitoshe. Deki, yaani rundo la kadi la mchezaji mmoja, ni kadi 60 kamili, na za jina moja zisizidi nne, isipokuwa kadi za nishati za kawaida, zile zinazompa Pokémon nguvu ya kushambulia. Pakiti ni bahati nasibu: mtoto anapata Pokémon (kiumbe wa kwenye kadi) aliyekomaa, lakini yule mdogo anayepaswa kumtangulia mezani hayumo, kwa hiyo kadi anaishika tu mkononi. Tafuta deki iliyokwisha kupangwa kiwandani, au boksi la Battle Academy, ambalo lina deki tatu, ubao na mwongozo wa kumwelekeza mgeni zamu kwa zamu. Mtacheza jioni hiyo hiyo. Pesa iende huko kwanza.

Fundi wa Umoja: Mama, kung'aa zote ndiyo dalili yenyewe. Katika pakiti halali kadi nyingi huwa za kawaida kabisa. Kabla hujatoa hata shilingi, beba kadi moja ya mjomba uilinganishe na za huyo kijana. Geuza mgongo: buluu ya feki mara nyingi imepauka au inaelekea zambarau. Soma maandishi: jina Pokémon lina alama juu ya herufi e, na feki nyingi huisahau. Kisha mulika tochi ya simu nyuma ya zote mbili. Kadi halali ina tabaka jeusi katikati, mwanga hupenya kwa shida. Feki hupitisha mwanga kama karatasi ya daftari. Usitegemee kipimo kimoja, tumia vyote. Muuzaji akikukataza kulinganisha, shika njia yako.

Mama wa Donholm: Asante sana. Lakini kama ni za kuchezea nyumbani tu, feki zina ubaya gani?

Fundi wa Umoja: Nyumbani hazina neno. Shida ni siku atakapobadilishana na mwenzake shuleni: atampa mtoto wa watu kadi isiyo na thamani, naye atachukua ya kweli. Hapo wazazi mtaitana.

Shangazi wa Deki: Mimi nasema jifunze pamoja naye, usimwachie mwongozo peke yake. Changa deki, kila mmoja achukue kadi 7 mkononi, kisha aweke kadi 6 za zawadi kifudifudi. Ukimwangusha Pokémon wa mwenzako unachukua zawadi, na anayezimaliza zake zote kwanza ameshinda. Wageni hukosea hapa: ni nishati moja tu kwa zamu kutoka mkononi, na ukishashambulia zamu yako imekwisha. Mkikwama, kuna programu ya bure, Pokémon TCG Live. Inakataa hatua yoyote isiyoruhusiwa, na ndiyo sababu naipenda kwa wanaoanza.

Mkusanyaji wa Ngara: Kuhusu kuhifadhi. Raba bendi hapana, inakata kingo. Nunua vifuko vya plastiki vya kadi na albamu, na isikae dirishani kwenye jua. Halafu mfundishe kusoma pembe ya chini: duara ni kadi ya kawaida, almasi hupatikana kwa nadra kidogo, nyota ni adimu. Namba ya kadi ikipita jumla ya kadi za seti yake, mfano Charizard ex ya 199/165, hiyo itie kwenye kifuko kabla ya kitu kingine. Mtu akitaka kuinunua, angalia kwanza bei kwenye tovuti za TCGplayer au Cardmarket.

Ila sikubaliani na anayetaka kumnyima mtoto pakiti. Shule zikifungwa mnunulie moja, aifungue mwenyewe. Furaha ile ni sehemu ya mchezo.

Kadi Sitini: Moja, sawa. Baada ya deki.

Mama wa Donholm: Nimewaelewa, kijana wa steji namwacha. Natafuta Battle Academy, kinachobaki kiende kwenye vifuko. Na shuleni aende nazo?

Shangazi wa Deki: Aende na zile zilizojirudia tu, na aulize mwalimu kwanza. Nina kadi za nishati nyingi zimekaa bure, za moto na za maji. Niandikie faraghani, nikipita Donholm Jumamosi nikuachie.