Naomba ushauri: utafiti wa wazee wanaoanguka, bila mashine

Mkufunzi_Moshi
Wakuu, habari za leo. Nafundisha fiziotherapia ngazi ya diploma, na sasa nasoma uzamili. Nataka tasnifu yangu iwe juu ya wazee wanaoanguka vijijini wilayani Hai. Msimamizi anasema bila mashine ya kupima mtu anavyoyumba sitafika popote. Darasani nako, mwanafunzi akipewa mzee wa miaka 80 anamkandakanda, anamkunja goti kidogo, basi. Wanaogopa kumvunja. Waliopita njia hii mnisaidie.

Babu_Fizio
Mashine achana nayo. Kipimo cha kuinuka na kutembea cha watafiti Podsiadlo na Richardson, cha mwaka 1991, kinataka kiti chenye mikono, saa na mita 3 za sakafu. Mzee anainuka, anatembea, anageuka, anarudi, anakaa, nawe unahesabu sekunde. Marekani, sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya hatari. Usiing'ang'anie namba hiyo lakini, haikutokana na wakulima wa kahawa wa mlimani.
Kingine: usiwaulize "mwaka jana ulianguka mara ngapi?" Watu husahau. Wape kalenda, waweke alama siku wakianguka, nawe uikusanye kila mwezi. Asiyejua kusoma, mjukuu atamsaidia.
Na Hai watafiti wamepita sana kwa wazee, wa kiharusi na wa usahaulifu. Soma kazi zao kwanza.

Binti_Kibosho
Shikamoo Babu. Kiti chenye mikono kwa nani? Bibi yangu anakaa kwenye kigoda na choo chake ni cha kuchuchumaa. Kipimo cha kiti atakifaulu vizuri tu, halafu akaanguke chooni. Mimi ningepima kuinuka kutoka chini.

Babu_Fizio
Marahaba. Hapo umenena. Ila kiwe nyongeza. Kipimo kipya lazima kithibitishwe kwanza, na hiyo ni tasnifu nyingine nzima.

Fizio_Tanga
Mimi nijibu la darasani, maana ndilo linaloniuma. Wasomeshe utafiti wa Fiatarone na wenzake, Boston, 1990: wakazi 10 wa nyumba ya wazee, umri miaka 86 hadi 96, wakanyanyua uzito kwa miguu wiki 8. Waliomaliza, nguvu za mapaja ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Kisha kila mwanafunzi atafute uzito ambao mzee wake anaunyanyua mara nane kumi, za mwisho akihangaika. Asipohangaika hujamfundisha kitu, umempigisha soga. Presha na dawa anazotumia ziangaliwe kwanza, bila shaka.
Kwa nyumbani, mpango wa Otago wa New Zealand ulipunguza kuanguka kwa karibu theluthi: uzito wa kufunga kwenye kifundo cha mguu, mazoezi ya kujihimili asiyumbe, na kutembea. Uzito shona mfuko wa mchanga, upime kwenye mizani ya dukani.

Binti_Kibosho
Usisahau idhini. Kijijini utakuta mtoto anajibu "mama amekubali" na mama mwenyewe hajaulizwa. Kamati ya maadili itakubana hapo.

Mkufunzi_Moshi
Asanteni sana. Swali la mwisho: mwenye mkongojo apimwe nao au bila?

Babu_Fizio
Nao, kama anavyotembea kila siku. Andika kwenye fomu ni mkongojo gani, na kipimo cha marudio atumie huohuo.