Tumempata Babu wa Keya

Binti, Kisumu: Habari za jioni wazee wangu. Babu wa Keya, yule aliyechukuliwa na jeshi la Waingereza, nimempata kwenye kumbukumbu za vita. Jina wameliendeleza vibaya, lakini namba ya jeshi ni ile ile ya karatasi iliyokuwa kwenye mkebe wa bati wa mama yake, Kukhu.

Baba Mdogo, Nakuru: Alifia Bama, kule Burma, sehemu gani?

Binti, Kisumu: Bama hakufika, Baba Mdogo.

Shangazi, Butere: Unasema?

Binti, Kisumu: Alikuwa mpiga mizinga, rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Tarehe ya kufa, 12 Februari 1944. Nikaangalia wenzake wa rejimenti, tarehe ni hiyo hiyo, jina baada ya jina, mamia. Hapo moyo ukanishtuka. Ni meli, Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, nyambizi ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldives. Haikumaliza dakika mbili juu ya maji. Walikufa watu 1,297.

Baba Mdogo, Nakuru: Mungu wangu. Wiki moja tu tangu Mombasa.

Shangazi, Butere: Ngojeni niwaambie. Jirani mmoja alirudi kutoka Bama, Kukhu akamwendea kumuuliza. Akamwambia, mama, kijana wako sikumwona Kalewa wala popote. Kukhu akashika hilo: hakuonekana amekufa, basi yu hai. Wazee walipotaka kuzika mgomba badala ya mwili alikataa katakata. Mimi nimemkuta bado anamwekea chakula jioni. Nilikuwa mdogo, nilidhani ni cha mgeni.

Baba Mdogo, Nakuru: Dada, hilo la chakula hujawahi kutuambia.

Shangazi, Butere: Ningeliambiaje?

Binti, Kisumu: Jina lake limechongwa Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye ukuta wa waliokosa kaburi. Umri na majina ya wazazi hawakuandika. Tume ya makaburi ya vita hupokea masahihisho, ila wanataka ushahidi.

Shangazi, Butere: Cheti chake cha ubatizo kiko kwangu. Jina la Kukhu limo. Liandikwe.

Baba Mdogo, Nakuru: Na mgomba?

Shangazi, Butere: Kukhu sasa hawezi kukataa. Tutauzika ubavuni mwake. Njoo Jumamosi mapema, nitakuonyesha pa kuchimba.

Baba Mdogo, Nakuru: Nafika Ijumaa usiku. Nibakizie chakula.

Shangazi, Butere: Nitaweka sahani mbili.