Nyati akikuelekea uso kwa uso, unalenga wapi?

Kijana_wa_Pori: Wakuu, habari za usiku. Naombeni ushauri wa haraka. Nyati dume amekuelekea, kichwa juu, hatua kama 60. Nilenge wapi? Kibali kipo, msinianze. Alfajiri naingia.

Mzee_Shabaha: Chini ya kidevu, katikati ya mabega, usawa wa kifua. Paji la uso achana nalo, mashina ya pembe za dume ni ngao. Akisimama ubavu ndiyo salama zaidi: panda na mguu wa mbele hadi theluthi ya kimo cha kiwiliwili. Ukirudi nyuma shibri mbili tu, umepiga tumbo.

Tumbusi: Mimi nangoja ulimi. Mabaki tu yananitosha.

Mama_Swala: Buchani nyama imeisha?

Mzee_Shabaha: Kijana, mwindaji husubiri ubavu. Wa kukuelekea huulizwa na mtu mwenye nyati aliyejeruhiwa. Sema.

Kijana_wa_Pori: Sawa mkuu. Nimempiga leo saa kumi na mbili jioni, mita 150. Alikunja mgongo, akaondoka. Bunduki ni ya kipenyo cha .30-06, risasi ina uzito wa grani 180, ncha laini. Ndiyo iliyopo, na hata pofu, wale swala wakubwa, inawaangusha vizuri tu. Damu ina povu la waridi na majani majani. Nitamfuata na binamu, askari wa wanyamapori sitaki kumsumbua.

Grani300: Hapa Tanzania nyati ni kuanzia bunduki ya kipenyo cha .375, kubwa kuliko yako. Na mita 150? Kwa nyati, sogea hadi chini ya mita 80, egemeza bunduki kwenye magongo, hakikisha nyuma yake hakuna mwingine.

Bila_Chumvi: Uzi wa kutunga huu. Povu la waridi ni mapafu, tumbo hutoa damu nyeusi yenye majani. Chagua moja. Na bando porini umelipata wapi?

Kijana_wa_Pori: Mtandao unashika kilimani! Alikuwa ameanza kugeuka nilipofyatua.

Mzee_Shabaha: Basi inawezekana. Akikupa mgongo kwa mshazari, risasi hupita tumboni kwanza, majani yanaimaliza nguvu, ikagusa ncha ya pafu tu. Huyo atakuwa hai asubuhi. Toa taarifa usiku huu, sheria inakutaka hivyo, na askari aje na .375 yenye risasi ngumu. Anzeni pale alipopigwa, kila tone la damu liwekeeni karatasi ya chooni. Msoma nyayo macho chini, wenye bunduki pembeni yake macho mbele, hakuna kuongea, upepo uwapige usoni. Darubini ya bunduki ishusheni ukuzaji hadi namba ya chini kabisa. Huwa anazunguka na kulala akitazama njia yake mwenyewe, kwa hiyo vichaka vya pembeni ndivyo vya kuogopa. Akianguka, mfikieni kwa nyuma, risasi moja kati ya mabega ivunje uti, kisha gusa jicho kwa fimbo ndefu. Binamu abaki garini.

Kijana_wa_Pori: Binamu ndiye mwenye kibali, mkuu.