Tupeane uzoefu: gari la otomatiki la zamani, swichi inagoma siku inayotaka

Mkazi wa Shabab
Leo asubuhi hapa Nakuru, Kenyatta Avenue, nimekuta vijana wanne wanasukuma Toyota 110 ya mzee mmoja ili iwake. Jasho linawatiririka, mzee yuko ndani anazungusha ufunguo. Nikawaambia waache. Otomatiki haliwaki kwa kusukumwa: pampu ya mafuta ya gia inazungushwa na injini, sasa injini ikilala hakuna kinachoshika. Nikamwomba mzee atoe gia P (ya kuegesha), aweke N (huru), ajaribu tena. Ikawaka papo hapo.

Nimekumbuka langu. Karibu mwaka mzima lilikuwa linagoma mara moja kila wiki mbili, nikilifikisha kwa fundi linawaka kama jipya. Nikanunua betri. Nikabadilisha stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Ndipo fundi mmoja wa umeme akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: likigoma, ile taa ya P kwenye dashibodi inakuwa inawaka? Sikuwa nimewahi kuangalia. Kumbe ni swichi iliyo ubavuni mwa giaboksi, ile inayoruhusu stata ukiwa P au N tu. Kontakti za ndani, vile vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, zilikuwa zimelika upande wa P. Nani mwingine amepitia haya?

Nyando Kwetu
Mimi. Langu lilianza kwa taa za rivasi kukatakata. Swichi hiyohiyo.

Jirani wa Ahero
Yangu ilikuwa swichi nyingine, na sitaisahau.

Mke wangu alishikwa na uchungu saa saba usiku, mvua inanyesha. Kisumu ni kilomita 20 na ushei, na mshale wa mafuta ulikuwa chini kabisa, kwa hiyo nikaingia kituo cha mafuta. Nikaweka P, nikazima, nikalipa, nikawasha. Gari likawaka vizuri. Nakanyaga breki nitoe gia, gia haitoki. Nikavuta mpaka kiganja kikachubuka. Injini inanguruma, gari liko palepale. Mke wangu ameuma pindo la leso, hasemi neno. Mama yake kiti cha nyuma anaomba Mungu kwa sauti, nami nashindwa hata kumtazama.

Kijana wa pampu akazunguka nyuma, akarudi dirishani: "Mzee, ukikanyaga breki taa za nyuma haziwaki." Mimi nikamwona anapoteza wakati, taa na gia wapi na wapi? Akaingiza mkono ndani, akabandua kifuniko kidogo cha plastiki kando ya mkono wa gia, akachomeka kalamu yake ya kuandikia risiti, akabonyeza. "Kanyaga breki, vuta sasa." Gia ikashuka kama haijawahi kukwama. Akaniambia niwashe taa zote mbili za pembeni, kwa sababu wa nyuma yangu hataona nikifunga breki.

Tulifika. Mtoto alizaliwa kabla sijamaliza kuandikisha.

Kesho yake fundi alilala chali chini ya dashibodi na kunionyesha swichi ndogo juu ya pedeli ya breki. Kontakti zimeungua, nyeusi tii. Swichi hiyo ndiyo inayowasha taa za nyuma, na ndiyo inayoambia gia kwamba umekanyaga breki; isipoambiwa, gia haitoki P.

Mama Probox Kibuye
Nimesoma nikiwa nimeshika kifua. Mtoto je?

Jirani wa Ahero
Msichana. Tulimwita Atieno, kwani alikuja usiku. Sasa yuko gredi ya nne.

Nyando Kwetu
Mungu ni mwema. Na yule kijana, ulimrudia?

Jirani wa Ahero
Nilimpelekea jogoo na kalamu mpya.

Mulembe Waya
Hongera ndugu. Kwa walio na tatizo kama la Mkazi wa Shabab, mnateseka bure. Ile swichi ya giaboksi, kata waya mbili, unganisha, funga na selotepu. Litawaka gia yoyote. Langu lina miaka mitatu hivyo hapa Kakamega.

Mama Probox Kibuye
Tafadhali usifundishe watu hivyo. Jirani yangu aliunganishiwa waya hizo. Ufunguo ukaachwa ndani, gia kwenye D (ya kwenda mbele), mtoto wa miaka tisa akaingia kufungulia redio, akazungusha. Gari liliruka likabomoa ukuta wa jiko. Mama yake alikuwa ametoka kuchota maji dakika hiyo.

Mulembe Waya
Pole, lakini hilo ni kosa la kuacha ufunguo.

Mama Probox Kibuye
Na swichi iliwekwa kwa ajili ya siku ya kosa hilo. Nimeuona ule ukuta.

Fundi wa Jua Kali, Nakuru
Nakuunga mkono mama. Mimi nikiletewa gari lililounganishwa hivyo, narudisha waya kwanza, ndipo tunaongea.

Msinunue kitu kabla ya kupima. Betri iliyojaa ni volti 12.6 hivi. Ikiwa nzuri, kaza vichwa vyake na uangalie waya wa bodi, ule unaotoka hasi ya betri. Kisha chukua testa ya balbu, weka kwenye ule waya mwembamba wa stata, mwenzako azungushe ufunguo. Balbu ikiwaka na stata imenyamaza, shida ni stata. Isipowaka, umeme haujafika: rudi kwenye swichi ya giaboksi au swichi ya ufunguo. Hapo vuta handibreki, kanyaga breki, shikilia ufunguo kwenye kuwasha huku mwenzako wa chini akitazama balbu, nawe utikise gia taratibu ikiwa P, kisha ikiwa N. Balbu ikipepesa, umempata mwizi. Fanya hivyo siku linapogoma, palepale lilipogomea. Likishapona halina ushahidi.

Na swichi ya giaboksi usiifungue bila kuweka alama ya rangi ilipokaa. Ukiirudisha kombo, gari huenda lisiwake tena kwenye P.

Nyando Kwetu
Mimi niliifungua nikasugua kontakti kwa brashi ya meno na petroli. Mwaka wa pili huu.

Fundi wa Jua Kali, Nakuru
Una bahati. Nyingi zikisuguliwa hazimalizi miezi mitatu.

Kericho Road
Na taa za breki zikigoma, angalieni fyuzi kwanza jamani. Mimi nilibadilisha swichi nzima kumbe fyuzi.

Binti wa Milimani
Samahani naingilia. Honda Fit yangu inamaliza betri usiku, si kila usiku. Asubuhi inakata kabisa.

Fundi wa Jua Kali, Nakuru
Chukua tochi, angalia kwenye kapeti chini ya pedeli ya breki. Kuna vipande vya plastiki vilivyovunjika? Hicho ni kifuniko kinachobonyeza swichi ya breki pedeli ikirudi. Kikivunjika, taa za nyuma hubaki zinawaka.

Binti wa Milimani
Nimetoka nje. Vipo, vitatu, vyembamba kama ganda la yai. Na taa za nyuma zinawaka sasa hivi, ufunguo uko mkononi mwangu.