Naomba ushauri: mdogo wangu anazuiliwa na uhamiaji New York, tuuze kiwanja au tumwamini wakili wa jiji?

Dada wa Temeke: Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu ameishi Bronx miaka sita na sasa yuko kizuizini akisubiri kupelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Juzi alipiga simu akasema kwamba kuna wakili aliyemfuata na kumwambia atamtetea bila malipo, kwa kuwa gharama zinabebwa na jiji. Nyumbani tumegawanyika. Mama anasema cha bure hakiaminiki, na Baba Mdogo ameshapata mnunuzi wa kiwanja chetu cha Kibaha ili tutafute mtu wetu wenyewe. Je, wakili anayelipwa na serikali ya kule anaweza kweli kuipinga serikali?

Mzee wa Makorora: Mwanangu, ardhi usiiuze. Sisi tuliuza shamba la minazi kule Pangani kwa ajili ya mpwa wangu, tukampa fedha mtu aliyejiita mtaalamu wa makaratasi, na siku ya kesi hakuonekana kwa sababu hakuwa wakili hata kidogo. Mpwa wangu alirudishwa, na shamba hilo mpaka leo nikilipita nageuza uso.

Mkazi wa Queens: Dada, mpango huo upo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 inamruhusu mtu kuwa na wakili, lakini serikali haimlipii, ndiyo maana wengi husimama peke yao mbele ya jaji na mwanasheria wa serikali. Mwaka 2013 Baraza la Jiji la New York lilitenga dola 500,000 kwa majaribio ya kuwatetea waliozuiliwa wasio na uwezo, na mwaka uliofuata likaupanua mpango huo. Watafiti wa Vera Institute of Justice, shirika linalochunguza masuala ya haki, walikadiria mwaka 2017 kwamba kesi 48 katika kila 100 za wateja wa mpango huo zingeishia kwa ushindi, ilhali kabla ya hapo, katika mahakama ya uhamiaji ya Varick Street, waliojitetea wenyewe walishinda 4 tu katika kila 100. Sasa niambie, amewahi kutiwa hatiani? Mwaka huohuo wa 2017 Meya Bill de Blasio alitaka fedha za jiji zisiwatetee watu waliohukumiwa kwa aina 170 za makosa, na Baraza likampinga.

Dada wa Temeke: Hajawahi kuiba hata sindano. Tatizo ni kwamba huyo wakili anauliza maswali mengi mno.

Mama Wawili: Ndugu yangu, vijana wetu wanakimbilia nchi za watu huku mashamba yamelala, halafu mzigo wanabebeshwa wazazi. Nakuombea, lakini hilo nalo lisemwe.

Mkazi wa Queens: Maswali gani, Dada? Aliomba hifadhi kwa sababu gani?

Dada wa Temeke: Aliandika kwamba ni Mrundi. Najua vijana wanaita kujilipua, yaani kuomba hifadhi kwa kudai uraia usio wako, lakini sisi ni Waha wa Kasulu, Kirundi anakisikia vizuri, na alikua akicheza na watoto wa wakimbizi, kwa hiyo hakubuni maisha asiyoyajua. Baba Mdogo ameshatoa nusu ya fedha kwa mtu atakayetuletea cheti cha kuzaliwa cha Bujumbura. Ndiyo maana tunataka wakili wetu, asiyechimba.

Mpita Njia: Hadithi hii hainiingii akilini. Serikali imkamate mtu, imfungie, kisha imlipie wakili wa kuishinda? Na mwanzoni kiwanja kilikuwa cha wakili, sasa ni cha cheti. Kesho tutaletewa namba ya kutuma mchango.

Dada wa Temeke: Sijaomba senti ya mtu. Nilificha kwa sababu ya aibu.

Mkazi wa Queens: Ndugu Mpita Njia, hizo ni serikali mbili. Anayemfukuza ni serikali kuu ya Washington, na mahakama za uhamiaji ziko chini ya Wizara ya Sheria ya huko, wakati anayemlipa wakili ni jiji, ambalo mtu huyo akiondolewa linabaki na watoto wake na kodi ya nyumba isiyolipwa. Dada, cheti hicho kisitumwe. Mtu anayethibitika kuwa aliomba hifadhi kwa uongo wa makusudi, baada ya kuonywa, anaweza kufungiwa karibu milango yote ya uhamiaji maisha yake yote, lakini anayesahihisha mwenyewe kabla ya kufichuliwa ana nafasi ya kusikilizwa. Atakayoambiwa wakili ni siri yake na mteja, awe analipwa na jiji au na kiwanja, na hakuna wakili mwaminifu atakayepeleka cheti cha uongo kwa jaji.

Mzee wa Makorora: Mwanangu, yule wa kwetu naye hakuuliza maswali.

Dada wa Temeke: Mnunuzi anakuja Jumamosi, na Baba Mdogo anasema fedha iliyokwishatoka haitarudi. Mdogo wangu hupiga simu usiku, lakini watu wa kule wanaweza kuwa wanasikiliza, kwa hiyo sitamtajia neno lolote kati ya haya. Nitamwambia tu akubali yule wakili, akae naye ana kwa ana, na asimfiche kitu. Cheti nitakizuia mimi, hata Baba Mdogo akinikasirikia.